Baiskeli ya Ghorofa Tisa

Nchi yenyewe sitaitaja jina. Si kwamba naogopa, jamani. Ni kwamba jina lake liko kwenye marekebisho. Kamati ya kulirekebisha imekaa mwaka wa sita sasa, na mpaka hapa wajumbe wameshakubaliana kwamba litakuwa na herufi. Zitakuwa ngapi, hilo ni la kikao kijacho. Kwa hiyo sisi raia wema tunasema tu "nchi yetu," na hakuna aliyewahi kubisha, kwa sababu hakuna mwingine aliyejitokeza kuidai.

Katikati ya mji mkuu kuna Jumba la Kasi. Lina ghorofa tisa na vidato mia mbili na saba vya ngazi, na ndani yake mna Wizara ya Mipango na Mipango Mingine. Lifti ipo, msije mkatudharau. Ilizinduliwa siku moja na jumba lenyewe, ikapanda vizuri mpaka kati ya ghorofa ya nne na ya tano, ikasimama hapo ikiwa na Mkuu wa Itifaki ndani. Alitolewa siku ya tatu akiwa mzima, akapewa nishani ya uvumilivu. Hiyo ni miaka kumi na mmoja iliyopita. Lifti haijaguswa tangu siku ile kwa kuwa ripoti inasema imesimama "kwa muda," na muda haujaisha.

Kwa hiyo mafaili ya wananchi hupanda kwa ngazi. Kila ghorofa mkuu wake hulifungua faili, huandika neno lake, hugonga mhuri, kisha hulipumzisha. Kulipumzisha ni lazima. Mwongozo wa Utumishi unasema waraka wa serikali usipandishwe ghorofa mbili mfululizo bila mapumziko, usije ukachoka. Mkuu wa ghorofa ya kwanza huandika, "Nimeona." Wa pili huandika, "Nimeona kwamba ameona." Wa tatu naye huona kwamba wa pili ameona kwamba wa kwanza ameona. Likifika ghorofa ya tisa kwa Waziri, Mheshimiwa Lubava, faili huwa na ukurasa mzima wa watu wanaoonana, na pale chini kabisa, kwa maandishi ya mkono, ombi la mwananchi. Waziri akishaamua, faili hushuka kwa utaratibu uleule, likionwa tena na walewale.

Wabeba mafaili ni wanne. Mmoja yuko likizo, mmoja yuko semina, wa tatu anauguza goti. Wa nne ni Mkeyenge, mtu mwembamba na mpole, ambaye faili lake mwenyewe la kuajiriwa liko ghorofa ya sita, kwa hiyo hana hakika kama kweli ameajiriwa. Ukimuuliza atakwambia anabeba kwa mazoea.

*

Chini kabisa ya Jumba, kwenye masjala, mafaili yanapoanzia safari, alikaa Hemedi Ngwali. Cheo chake kilikuwa Kaimu Karani. Karani mwenyewe, yule aliyekuwa akikaimiwa, alistaafu zamani akaenda kufuga kuku, na kuku wale walishataga, wakazeeka, wakaliwa, na wajukuu zao wakataga, Hemedi bado anamshikia nafasi. Miaka sita nyuma aliandika barua ya kuomba athibitishwe, akaiweka kwenye faili, akalikabidhi kwa Mkeyenge kwa mikono miwili. Faili likapanda. Mara ya mwisho Mkeyenge kuliona, lilikuwa ghorofa ya tano, ofisini kwa Mkurugenzi, Dakta Lutengano, limewekewa chungu cha maua juu yake.

"Linapumzika vizuri," Mkeyenge alimtuliza. "Na maua yanamwagiliwa kila siku."

Hemedi aliuliza kama lilikuwa limeelekea juu au chini. Mkeyenge alifikiri sana, akasema kweli hajui, kwa maana faili halina pua.

Sasa ingekuwa ni kuchelewa tu, Hemedi angevumilia kama tunavyovumilia sisi sote. Lakini kulikuwa na Mwajabu. Huyu alikuwa binti wa Mzee Shomvi, fundi baiskeli wa mtaa ulio nyuma ya Jumba, na yeye mwenyewe fundi kuliko baba yake, ingawa hilo lilisemwa mzee akiwa msikitini. Hemedi alimpenda tangu siku alipomzibia pancha na kumwambia kwamba tairi lake limezeeka kuliko cheo chake. Akapeleka posa. Mzee Shomvi akampokea vizuri, akamkaribisha kahawa, akamuuliza swali moja.

"Hebu nieleweshe, mwanangu. Kaimu si mtu anayekalia kiti mpaka mwenyewe aje?"

"Ndivyo, mzee."

"Basi binti yangu si kiti."

Akaongeza kwamba hana ugomvi naye. Siku atakayoleta karatasi yenye mhuri inayosema yeye ni karani kamili, sufuria la pilau litapandishwa jikoni. Hayo yalisemwa miaka mitatu iliyopita. Mchele walioununua kwa matumaini ulikwisha kuota wadudu mara mbili.

Siku moja Hemedi alikuwa amekaa kibandani kwa Mwajabu, akilalamika. Mwajabu alikuwa amepindua baiskeli miguu juu, anazungusha pedeli kwa mkono ili mnyororo ukae sawa.

"Faili lako lina mwendo wa bibi harusi," akamwambia. "Tena bibi harusi asiyemtaka bwana. Kwa nini msiyavute hayo makaratasi juu badala ya kumtesa yule Mkeyenge?"

"Tuyavute kwa kitu gani?"

Mwajabu aliendelea kuzungusha pedeli, gurudumu likazunguka, na kitambaa cha kufutia grisi kilichokuwa kimening'inia pale kikanaswa, kikapanda juu taratibu mbele ya macho ya Kaimu Karani.

*

Mpango wa winchi ulikuwa hivi. Ringi tisa za baiskeli, zilizovuliwa matairi, zifungwe nje ya madirisha tisa, moja kila ghorofa. Juu ya paa iwekwe ringi nene ya guta, ile baiskeli ya kubebea mizigo. Kamba ya katani izunguke zote, ifungiwe vikapu vya ukili, kisha ishuke mpaka uani na kutambaa hatua ishirini hadi kwenye baiskeli iliyokazwa chini kwa nondo. Mtu akikanyaga, vikapu vinapanda huku na kushuka kule. Baiskeli yenyewe alitoa Mzee Shomvi, aliyeambiwa kwamba ni ya maonyesho.

Hemedi hakuwa mhandisi. Alisoma fizikia ya kidato cha tatu mpaka mwisho wa sura ya mashine za kunyanyulia mizigo, mwalimu akahamishwa kabla ya sura ya msuguano. Kwa hiyo winchi ilijengwa kama vile msuguano haupo, na siku za mwanzo ilipiga kelele kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Mwajabu alikuja kuipaka mafuta ya nazi, ikanyamaza.

Kuhusu ruhusa, msimdhanie vibaya. Aliomba. Aliandika barua ya kuomba kujenga, akaipa Mkeyenge, kisha akapiga hesabu: ombi litapanda kwa miezi minane, katazo litashuka kwa miezi minane. Katikati hapo alikuwa na mwaka na miezi minne ya kuwa mtu asiyekatazwa. Akaanza kazi asubuhi ileile, wakati wa chai, ambayo katika Jumba la Kasi huanza saa nne na kumalizikia kwenye chakula cha mchana.

Alining'inia nje ya madirisha kwa wiki tatu. Ghorofa ya tatu walimwomba, kwa kuwa yuko huko nje, awafutie vioo. Ghorofa ya tano Dakta Lutengano aliona miguu ikipita dirishani, akaiambia miguu isogee kidogo, inamzibia mwanga. Ghorofa ya tisa Waziri aliona kamba. Akauliza ni ya nini. Hakuna aliyejua. Katika nchi yetu jambo lisilojulikana hukatazwa kwanza, kisha huchunguzwa, kwa hiyo Waziri akaagiza iandikwe barua ya katazo, ikasainiwa, ikawekwa kwenye sinia la barua zinazosubiri kushushwa.

Jumatatu iliyofuata, saa tano kamili, Hemedi alipanda baiskeli. Kwenye kikapu aliweka faili la bibi mmoja aliyeomba kibali cha kuchimba choo. Akakanyaga. Kikapu kikapita dirisha la kwanza, la pili, la tatu, watu wakatoa vichwa. Baada ya dakika nne kilikuwa ghorofa ya tisa. Katibu muhtasi wa Waziri, mwanamke wa nidhamu ambaye akipokea lazima atoe, alichukua faili akaweka kikapuni barua iliyokuwa juu kabisa ya sinia lake. Kikapu kikashuka. Hemedi akaifungua. Ilikuwa yake. Ilisema: "Unaagizwa kuacha mara moja kujenga hicho unachojenga, kiwe kiwavyo, la sivyo utaachishwa kazi."

Winchi ilikuwa imefanya kazi kwa ufanisi mkubwa. Kitu cha kwanza ilichomletea mjenzi wake ni tishio la kufukuzwa.

Hemedi alikwenda kwa mwanasheria wa Wizara. Mwanasheria akaisoma barua mbele na nyuma, akafuta miwani.

"Hii imeshuka kwa ngazi?"

"Hapana, mkuu. Kwa kikapu."

"Mihuri ya ghorofa nane za njiani iko wapi?"

"Haipo."

"Basi hujaipata," mwanasheria akasema, na akamfafanulia kwa upole kwamba waraka haujafika mpaka uwe umeshuka ngazi zote na kuonwa na wote. Kwa sasa Hemedi hajui kilichomo, na ni kosa kwake kujua. Barua irudi ilikotoka, ianze safari upya kwa njia halali.

Barua ikarudishwa ghorofa ya tisa. Ilipandishwa kwa winchi, kwa dakika nne, ili Mkeyenge awahi kuanza kuishusha kwa miguu.

*

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa za hatari kubwa kwa taifa. Wananchi walianza kujibiwa.

Swali la mihuri lilijitatua lenyewe. Kikapu kilipita mbele ya kila dirisha, na kila mkuu alikiona kikipita, na kuona ndiko kulikotakiwa. Yule bibi wa choo alijibiwa siku ya tatu. Akazimia kidogo, akaamka, akachimba. Kijana mmoja aliyeomba nafasi katika mradi wa vijana alijibiwa akiwa bado kijana, jambo ambalo takwimu zetu hazikuwa na safu ya kuliandika. Bwana mmoja alikuja kufuatilia hati ya kiwanja kama watu wanavyokuja siku zote, na mkeka, sufuria na shuka mbili. Akapewa hati yake kabla hajatandika mkeka, akabaki amesimama uani, hajui aende wapi. Wauza mihogo wa nje ya Jumba waliandika malalamiko kwamba wateja wanaondoka mapema. Malalamiko nayo yakajibiwa mchana uleule, wakazidi kukasirika.

Aliyeumia zaidi ni Waziri. Miaka yote alikuwa akipokea mafaili matatu kwa mwaka, na alisifika kwa kutoacha kiporo mezani. Sasa alipokea sitini kabla ya chai. Kalamu yake ya heshima, aliyozawadiwa siku ya kuapishwa, ikaisha wino. Akaitazama kwa muda mrefu. Hakujua kuwa huwa zinaisha.

Katika mafaili hayo yote, moja tu halikusogea. Hemedi alipanda ghorofa ya tano kwa miguu, akamwomba Dakta Lutengano amruhusu alitoe faili lake chini ya maua. Dakta, ambaye shahada yake alitunukiwa kwa mahudhurio, alimjibu kwamba hana kinyongo hata kidogo, ila chungu kile ni mali ya Idara ya Bustani, na Idara ya Bustani ilishavunjwa, kwa hiyo hakuna mwenye mamlaka ya kukiinua.

Baraza la wakuu wa ghorofa lilikaa kujadili jinsi ya kusimamisha winchi bila kuonekana wameisimamisha. Kuipiga marufuku isingefaa. Wananchi walikuwa wameipenda. Ndipo Waziri Lubava akaonyesha kwa nini yeye ni waziri na sisi sio. Alisema winchi ni jambo kubwa mno, haiwezekani liendelee hivihivi bila kuzinduliwa. Na kama mjuavyo, katika nchi yetu kitu ambacho hakijazinduliwa hakiruhusiwi kufanya kazi. Tuna daraja ambalo watu walivuka chini yake, ndani ya maji, miezi tisa, wakisubiri mgeni rasmi apone mafua. Tuna kisima kilichozinduliwa mwaka juzi kwa utepe uliofungwa kwenye kamba ya ndoo. Ndoo bado iko chini, na kisima kinahesabika kimekamilika.

Winchi ikafungwa kamba ya njano, ikasimama miezi mitatu kupisha maandalizi.

*

Kamati ya Uzinduzi ilikutana na tatizo moja tu: nani ameibuni. Dakta Lutengano alimwita Hemedi.

"Ndugu Kaimu, ubunifu wako una urefu gani?"

"Ghorofa tisa, Daktari."

"Na cheo chako?"

"Kaimu Karani, Daktari."

"Mwongozo uko wazi. Kaimu anaruhusiwa kubuni vitu vya mezani. Kuanzia ghorofa tano kwenda juu, ubunifu ni wa Mkurugenzi." Akakiangalia chungu cha maua kwa macho ya huruma. "Siku ya uzinduzi tutapandisha mafaili yote yaliyolala humu ndani, kwa mpigo, kama onyesho. Nikiwa mbunifu, nitakuwa na mamlaka ya kuinua chochote. Umenielewa?"

Alimwelewa. Miaka sita ya kusubiri, miaka mitatu ya posa, na faili lenyewe liko pale, linachungulia pembe moja chini ya udongo. Hemedi akakubali.

Ratiba ilipotoka, Mwajabu aliisoma akiwa amekaa juu ya tairi. Mbunifu: Dk. Lutengano. Mshereheshaji fulani, ngoma fulani, dua fulani. Mwishoni, chini ya kichwa "Vifaa," ilisomeka: viti mia mbili, turubai moja, mkasi mmoja, baiskeli moja, Hemedi Ngwali mmoja (wa kukanyaga).

"Hongera," Mwajabu akasema. "Ulikuwa kaimu, sasa umekuwa kifaa. Kifaa angalau hakimshikii mtu nafasi."

Hemedi akamwomba asimwonyeshe baba yake. Mwajabu akasema baba ameshaiona, na swali lake ni kama kifaa kinaoa. Halafu aliacha kucheka, akachukua kopo la mafuta ya nazi, akaenda kuupaka mnyororo.

*

Siku ilifika. Uani palijaa. Wakuu walikaa chini ya turubai, wananchi upande wa jua, wengi wao wenye mafaili mle ndani na mikeka yao chini. Mzee Shomvi alikuja na kanzu, akakaa mbele. Alisema amekuja kuitazama baiskeli yake. Vikapu tisa vilikuwa vimejazwa mpaka juu, mafaili yote yaliyolala katika Jumba la Kasi, na vilikwisha kupandishwa asubuhi, kila kimoja kinaning'inia mbele ya dirisha lake, vikisubiri ishara ya kumalizia safari. Hemedi alikaa juu ya baiskeli, breki ameishika. Katika kikapu cha tano, alijua, limo jalada lake, lenye alama ya duara ya chungu.

Waziri alihutubia saa moja na nusu. Alisema winchi hii haikuletwa na mtu, imeletwa na sera. Alisema zamani faili lilitembea, leo linapaa, kesho litafika kabla ya kuandikwa. Alimsifu Dakta Lutengano, aliyesimama kuinama mara tatu. Alisema katika nchi yetu ngazi ya maendeleo haina kidato cha mwisho, na Mkeyenge, aliyekuwa ameketi kwenye dirisha la ngazi na barua mkononi akipumzika kidogo, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua.

Ikaja zamu ya utepe. Kanuni ya itifaki inataka utepe ufungwe kwenye kiungo kikuu cha mradi. Mkuu wa Itifaki, yuleyule wa lifti, alikizunguka chombo chote, akauliza hapa ni nini na pale ni nini, akaridhika kwamba kiungo kikuu ni kamba. Akaufunga utepe mwekundu kwenye kamba, hatua tatu mbele ya baiskeli, akaukaza sana ili usipepee. Mkasi wa dhahabu ulikuwa haujulikani uliko, wakaleta mkasi wa bustani, ule mrefu wa kukatia michongoma.

Hemedi aliuona mkasi, akauona utepe, akakumbuka ndoo.

"Mheshimiwa," akasema, "samahani, hiyo ni kamba."

Mkuu wa Itifaki aliweka kidole mdomoni. Akamnong'oneza kwamba ratiba haina kipengele cha vifaa kuzungumza.

"Lakini akikata..."

"Kifaa, tulia."

Waziri akatabasamu kwa wapiga picha, akakata. Utepe ulikuwa mlaini. Ulichobaki nacho mkasi kilikuwa kigumu kidogo, na Waziri, ambaye hajawahi kushindwa na utepe, akakaza mikono miwili.

Kwanza miguu ya Hemedi ikaanza kuzunguka bure kama feni. Halafu juu huko ringi ya guta ikalia kama mbuzi. Vikapu tisa vikageuka pamoja, na kila faili lililolala katika nchi yetu kwa miaka kumi na mmoja likatoka nje kupata hewa.

Karatasi haina haraka ya kuanguka. Zilishuka zikipinduka, nyeupe na kijani, zikatua juu ya turubai, juu ya ngoma, juu ya kofia ya Waziri. Watu waliziangalia tu. Kisha mama mmoja akaokota karatasi akasoma jina lake. Ikawa basi. Uani pote watu wanaitana majina, huyu anamtafutia yule, "Wewe si ndiye wa leseni ya mashine ya kusaga? Njoo uchukue." Na walipoanza kusoma, ikaonekana jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: maombi mengi yalikuwa yamekubaliwa zamani sana. Yalikuwa yanashuka. Yalilala njiani wakati wa kushuka, na wote walidhani yanapanda.

Faili moja zito lilitua mapajani kwa Mzee Shomvi, limejaa udongo. Akalipangusa, akavaa miwani, akapekua taratibu, ukurasa wa watu walioonana, mpaka wa mwisho. Palikuwa na mhuri mkubwa wa ghorofa ya tisa na tarehe ya miaka mitano iliyopita. "Imekubaliwa. Athibitishwe kuwa Karani kamili. Mhusika ajulishwe." Chini yake ghorofa ya nane, ya saba na ya sita: "Nimeona likishuka." Kisha duara la chungu cha maua.

Mwanasheria alikuwa amesogea, akachungulia. Akasema kwa masikitiko kwamba, kisheria, waraka huo haujapita ngazini.

"Mimi nilimwambia mhuri," Mzee Shomvi akamjibu bila kumtazama. "Ngazi sikuzitaja."

Akasimama, akakung'uta kanzu, akaenda mpaka kwenye baiskeli ambayo pedeli zake zilikuwa hazijatulia bado.

"Shuka hapo, mkwe wangu," akasema. "Unaimaliza baiskeli ya watu."

*

Tume iliundwa. Ilitaka kujua nani amebuni chombo kilichomwaibisha mgeni rasmi. Dakta Lutengano alisimama akasema kwa ukweli wote wa moyo wake kwamba hajawahi kubuni kitu chochote maishani. Tume ikamwonyesha ratiba. Ikamwita na Hemedi, aeleze alihusika vipi.

"Mimi, waheshimiwa, niliandikwa kwenye vifaa," Hemedi akasema.

Tume ikakubali kuwa kifaa hakihojiwi. Dakta Lutengano alipandishwa kuwa Mkuu wa Idara mpya ya Ngazi, yenye ofisi ghorofa ya tisa na kazi ya kuhesabu vidato kila asubuhi, kuanzia chini.

Mwanasheria naye alipata usingizi alipogundua kwamba Mwongozo unakataza kikapu lakini haukutaja kudondoka, kwa hiyo mafaili yote yaliyodondoka yamefika. Mwajabu aliunga kamba kwa fundo moja nene. Kwa kuwa winchi ilikuwa imezinduliwa, tena mbele ya mashahidi, hakuna sheria inayoweza kuizuia kufanya kazi. Siku hizi mwananchi akitaka jibu anapanda baiskeli mwenyewe anakanyaga. Mafundo mawili matatu yameongezeka, miguu ya wananchi imekomaa, na yule bibi wa choo anasemekana kwenda dakika tatu na nusu.

Vijana wenzangu huniuliza kama mtu akijenga jambo kubwa kwa mikono yake, cheo kinapanda. Mimi nawajibu kama nilivyoona. Winchi haikumpandisha Hemedi hata kidato kimoja. Cheo chake kilikuwa kimepanda zamani. Winchi ilikishusha tu, na kwetu huko kushusha ndiko kazi.

Harusi ilifungwa miezi minane tangu ile Jumatatu ya kwanza, nyumbani kwa Mzee Shomvi, kati ya matairi. Pilau lilikuwa limeshapakuliwa. Mwajabu alikuwa ametoka tu kumweleza shangazi yake kwamba bwana harusi si kifaa tena, ila kinatumika vizuri. Mkeyenge akaingia, jasho linamtoka, shati limelowa mgongo mzima, mkononi ana barua yenye mihuri tisa. Alikuwa ameteremka kidato cha mwisho robo saa iliyopita. Akaomba radhi kwa kuingilia shughuli, akasema utaratibu unataka mhusika mwenyewe apokee.

Hemedi akaifungua. "Unaagizwa kuacha mara moja kujenga hicho unachojenga."

Akaomba kalamu, akaiegemeza barua kwenye bega la baba mkwe, akaandika pale chini: "Nimeona." Akamrudishia.

Mkeyenge akaiangalia barua, akaangalia upande wa Jumba la Kasi, vidato mia mbili na saba.

"Niirudishe leo?"

"Kula kwanza, ndugu yangu," Hemedi akamwambia, akimsogezea nafasi.

Mkeyenge akanawa mikono, akakaa. Barua akaiweka chini ya sinia la pilau, ipumzike.